Kamera Hiyo Ni ya Nani?

SWALI: Sisi ni vijana saba wa Uyole, Mbeya. Tumetengeneza sehemu mbili za vichekesho vya ofisini kwa mtindo wa The Office, kile kipindi cha Uingereza, kisha cha Marekani, kinachojifanya makala ya kweli. Ni ofisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi. Wahusika wanahojiwa na wanaitazama kamera. Tulionyesha kwenye kibanda umiza, kisha tukasambaza kwenye simu. Wengi hawakucheka. Wengine waliuliza kama ni taarifa ya habari, na wazee wakasema tunamdhalilisha bosi. Mhariri wetu anataka tuweke sauti za kicheko. Je, mtindo huu haufai kwa watu wa kwetu, au tumekosea mahali? Tuna simu mbili nzuri, moja ya zamani, na maiki moja ya kubana kwenye shati.

JIBU: Ndugu zangu wa Uyole, kicheko cha kubandika msiweke. Mtindo unafaa kabisa, na sehemu mlizotuma zinaonyesha mna waigizaji wazuri, hasa yule dada wa dirisha la risiti. Mmekosa jambo moja, na karibu makosa mengine yote yamezaliwa nalo: mtazamaji hajui kamera hiyo ni ya nani na imefuata nini ofisini.

Katika vichekesho tulivyovizoea, kamera haipo. Mtu anateleza, anapigwa kofi, anazimia, wala hajui kwamba anatazamwa. Katika mokumentari, yaani makala ya kubuni, kamera ni mgeni aliyeingia ofisini akapewa kiti, na kila mmoja anajua yupo. Kicheko kinatoka kwenye pengo lililopo kati ya kile mtu anachotaka mgeni akione na kile mgeni alichokwisha kukiona. Bosi anasema "hapa kwetu hakipotei kitu", na nyuma ya kioo kijana wa stoo anamenya parachichi la mteja. Pengo hilo likikosekana, unabaki na watu wanaozungumza polepole ofisini, na ndicho watazamaji wenu walichokiona.

Tena watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua kamera ya namna hii vizuri sana. Mradi ukija kurekodi mafanikio ya chama cha ushirika cha kahawa, mwenyekiti anavaa koti la sikukuu, katibu anatoa daftari lisilo na doa, na mkulima aliyekuwa akilalamika jana anaanza na "kwa kweli tunashukuru sana". Mpiga video wa harusi akigeuza taa upande wa meza yenu, aliyekuwa anatafuna anasimamisha taya. Watu wanajirekebisha wakitazamwa. Mtazamaji wa Mwanjelwa hahitaji kufundishwa hilo, anahitaji tu kuambiwa nani katuma kamera.

Tazameni wenzenu walivyofanya. The Office ya kwanza, kazi ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, ilianza kuonyeshwa BBC Two Julai 2001. Mahali ni tawi la kampuni ya kuuza karatasi katika mji wa Slough, na mapema kabisa tunaambiwa kwamba tawi hilo na la Swindon yataunganishwa na watu watapunguzwa kazi. Uingereza ya miaka hiyo ilikuwa imejaa vipindi vya kufuatilia watu kazini, viwanja vya ndege na shule za udereva zikiwemo, kwa hiyo mtazamaji aliitambua kamera papo hapo. Abbott Elementary ya Quinta Brunson, iliyoanza Desemba 2021 huko Marekani, ni ya shule ya umma ya Philadelphia. Sababu inatajwa tangu sehemu ya kwanza: wapiga picha wamekuja kurekodi hali ya shule zisizopewa fedha za kutosha. Kenya, muongo uliopita, ilitengenezwa The Samaritans, kuhusu shirika lisilo la kiserikali la Nairobi ambalo halifanyi kazi yoyote ya maana. Hapo sababu ya kamera iko wazi zaidi, maana shirika kama hilo linaishi kwa kuonekana.

Kwenu kamera inatokea tu. Sekunde ya kwanza mwanamke anahojiwa, na chini yake kuna ukanda mwekundu wenye maandishi kama wa taarifa ya habari. Ndiyo maana watu wakauliza kama ni habari. Uondoeni ukanda huo. Jina na cheo viandikwe kwa herufi nyeupe bila mapambo, vikae sekunde nne, na viandikwe mara moja tu mhusika anapoonekana kwa mara ya kwanza.

Halafu ipeni kamera kazi. Pendekezo langu: makao makuu Dar es Salaam yamechoshwa na malalamiko ya mizigo kupotea. Wametuma mtu arekodi wiki sita katika matawi mawili, Mbeya na Iringa, ili itoke makala ya kusafisha jina la kampuni. Tawi litakaloonekana bovu litageuzwa kuwa kituo kidogo cha kushushia tu. Sasa kila mtu ana sababu ya kujipendekeza kwa kamera na sababu ya kuiogopa, na kila parachichi linaloliwa lina uzito. Mambo hayo yote yasemwe ndani ya sekunde 40 za mwanzo. Bosi aanze kuyasema kwa fahari huku mtu anambana maiki kwenye shati, mkono wa mpiga picha ukionekana. Mkono huo una thamani kuliko maelezo yoyote mtakayoandika, kwa sababu unamwambia mtazamaji kwamba watu hawa wamekubali kurekodiwa.

Baada ya hapo wapiga picha wakae kimya. Katika The Office ya Marekani hatukuwaona hasa mpaka msimu wa tisa, ambao ndio wa mwisho, pale mshika maiki alipoingia kwenye hadithi. Nyinyi katika sehemu ya pili mmempa mpiga picha wenu mistari sita ya kumjibu bosi. Toeni yote. Mgeni akianza kuchangia mazungumzo, wenyeji wanaacha kujianika.

Sasa malalamiko ya wazee. Yachukueni kwa uzito, kwa sababu yanagusa jambo lililowasumbua hata Wamarekani.

Bosi wa Kiingereza, David Brent, ni mtu wa kutia aibu. Anajisifu, anawaumiza watu bila kujua, na hadithi haimwonei huruma mpaka karibu na mwisho. Ilipoanza, watazamaji walikuwa wachache. Sifa zilikua iliporudiwa na watu walipoanza kuinunua kwenye DVD. Mwaka 2004 ilipata tuzo ya Golden Globe huko Marekani. Lakini kazi nzima ilikuwa misimu miwili ya sehemu sita sita, na kisha kipindi maalumu cha Krismasi ya 2003. Bosi mchungu anavumilika kwa urefu huo.

Kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kilipoileta kwao tarehe 24 Machi 2005, chini ya mtayarishaji Greg Daniels, sehemu ya kwanza ilifuata mswada wa Waingereza karibu neno kwa neno. Usiku huo waliitazama watu milioni 11.2, na wiki iliyofuata idadi ikaporomoka hadi karibu nusu. Msimu huo wa kwanza ulikuwa na sehemu sita tu. Katika msimu wa pili waandishi wakambadilisha bosi, Michael Scott, aliyechezwa na Steve Carell. Aliendelea kuwa mjinga wa maneno, lakini tukaonyeshwa mambo mawili: anaijua kazi ya kuuza kuliko wote pale ndani, na anachotaka duniani ni kupendwa na wafanyakazi wake. Mwaka 2006 ikachukua Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya vichekesho bora. Iliendelea hadi tarehe 16 Mei 2013, jumla ya sehemu 201. Mwaka 2020, miaka saba baada ya kumalizika, kampuni ya Nielsen, inayopima idadi ya watazamaji, ilihesabu dakika bilioni 57.1 ambazo Wamarekani waliitazama kwa njia ya intaneti. Watu hawarudii namna hiyo kumtazama mtu wanayemchukia.

Bosi wenu anapiga kelele, anaanguka na kiti, na wafanyakazi wanamtukana mbele yake. Hilo la tatu ndilo lililowakera wazee, na wana haki. Kwetu mkubwa huchekwa akiwa hayupo, au huchekwa kwa utani wenye ruhusa. Kijana akimtukana mkubwa wake usoni, mtazamaji anaacha kumwangalia bosi na kuanza kumwangalia huyo kijana asiye na adabu, na kicheko kinakufa. Mpeni bosi ustadi mmoja wa kweli. Kwa mfano, akilitazama gunia la viazi vya Njombe lililoshonwa lumbesa, anataja kilo zake bila mzani na hakosei. Msilionyeshe hilo kama kichekesho. Mzani uthibitishe, watu waendelee na kazi. Baada ya hapo mnaweza kumvika ujinga wowote, mtazamaji atambeba.

Na msitafute ucheshi Slough wala Scranton, mji wa toleo la Marekani. Kuuza karatasi kulichaguliwa kwa sababu kwa Mwingereza ni kazi isiyo na mvuto wowote. Peleka kichekesho hicho Mufindi, ambako kiwanda cha Mgololo kinatengeneza karatasi na familia nyingi zimesomeshwa kwa mshahara wake, uone kama kuna atakayecheka. Ofisi ya vifurushi mmeichagua vizuri sana: inapokea ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela, kuku hai kwenye tenga, jeneza mara mojamoja, na kila mteja anaamini mzigo wake ndio pekee. Lakini mna mgodi mkubwa zaidi ambao hamjauchimba, nao ni salamu.

Bosi wenu ana miaka 34. Mzee wa stoo ana 58. Nani anampa nani shikamoo? Umri unasema bosi aanze. Cheo kinamnong'oneza asubiri. Kila asubuhi ofisi nyingi za nchi hii zinapita kwenye kona hiyo, na hakuna Mwingereza anayeweza kuiandika. Liandikeni onyesho hili:

Mahojiano. Bosi, ameketi wima: "Mzee wetu namheshimu mno. Kila siku asubuhi, kabla ya jambo lolote, shikamoo yake naipeleka mwenyewe."

Asubuhi, mlango wa mbele. Bosi anaingia simu ikiwa sikioni, "ndiyo mkurugenzi, ndiyo", anampita mzee kwa kutikisa kichwa. Kamera inamfuata kwa nyuma. Kioo cha simu ni cheusi, hakuna anayepigiwa.

Asubuhi ya pili, mlango wa mizigo. Boksi kubwa linaingia lenye miguu ya bosi. Linapita taratibu mbele ya meza ya mzee. Mzee anaandika kwenye daftari, hainui macho.

"Marahaba," anasema mzee.

Boksi linasimama. Kimya. Kutoka nyuma yake: "...Shikamoo, mzee."

Mzee anageuza ukurasa.

Hakuna aliyetukanwa hapo. Mzee amebaki na heshima yake yote, bosi amejifunga mwenyewe, na bibi yeyote wa Rungwe ataelewa bila tafsiri. Nguvu yake yote inategemea namna mtakavyoirekodi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Neno "marahaba" lianguke kamera ikiwa kwenye boksi. Kosa la kawaida ni mpiga picha, ambaye ameshausoma mswada, kumgeukia mzee kabla hajasema. Akifanya hivyo amemwambia mtazamaji kwamba kichekesho kinakuja. Kamera ya makala haijui kesho: inasikia, kisha inageuka, ikichelewa karibu nusu sekunde. Kwa mpiga picha wenu dawa ni rahisi, msimpe mswada wa onyesho hilo. Mwambieni tu, "mfuate bosi, ukisikia sauti itafute." Jaribio la kwanza na la pili ndiyo mara nyingi huwa bora, kwa sababu baada ya hapo ameshajifunza. Wamarekani walilijua hili. Mpiga picha wao mkuu wa misimu ya mwanzo, Randall Einhorn, alitokea kwenye Survivor, kipindi cha mashindano ya watu halisi, ambako ukichelewa umekosa na hakuna wa kurudia.

Baada ya mzee kugeuza ukurasa, subirini sekunde mbili nzima kabla ya kukata. Hesabuni "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Mhariri wenu anakata papo hapo, kisha anaona hapajachekesha, na ndipo anaomba sauti ya kicheko. Kicheko cha kubandika kinajaza nafasi ile ile ambayo mtazamaji alipaswa kucheka. Tena kinaua uongo mzima: kama hii ni makala ya makao makuu, hao wanaocheka wamekaa wapi? Kwa sababu hiyo hiyo ondoeni muziki na zile sauti za "poing". Wimbo uwe mwanzoni na mwishoni basi.

Kuhusu kuitazama kamera. Katika sehemu ya kwanza pekee, watu wanaitazama mara 31. Ni kama pilipili kichaa: moja inatosha sufuria. Kwa dakika kumi nawapa mara nne, tano zikizidi sana, kila moja isizidi sekunde moja, na isitokee watu wawili kutazama kwa pamoja. Muhimu kuliko idadi ni kwamba kila mhusika awe na uhusiano wake na kamera. Bosi anaiigizia, ananyoosha kola akiiona. Dada wa risiti anaifanya shoga yake, anaitazama pale tu jambo lisiloaminika linapotokea. Kijana wa stoo anaikimbia. Mzee haitazami kabisa, msimu mzima, na siku atakayoitazama itakuwa tukio. Andikeni sheria hizo kwenye karatasi mzibandike ukutani. Na anayetazama, atazame lenzi yenyewe. Kwenye simu ni kile kitundu cha nyuma. Waigizaji wenu wanamtazama mpiga picha usoni, ndiyo maana macho yao yanaelekea juu kidogo na utani unapotea.

Mahojiano yana kanuni tofauti. Pale mhusika hatazami lenzi. Anamtazama anayemhoji, ambaye ameketi kichwa chake kikiwa kimegusana na simu, upande mmoja. Simu iwe kwenye stendi, usawa wa macho ya aliyekaa, fremu kutoka kifuani. Nyuma yake paonekane kazi: rafu ya mizigo, ubao wa safari, kalenda ya mwaka juzi. Ukuta mweupe mliotumia hausemi lolote. Kila mahojiano yachukue sekunde 15 hadi 25, na yafanye moja kati ya mambo mawili, yapinge tulichokiona au yatuambie tusichoweza kukiona. Yenu mengi yanaeleza tena kichekesho kilichopita, mtu anasema "yaani leo bosi kanichekesha". Hayo futeni yote. Na mhusika akimaliza neno lenye uzito, kateni mapema. Kwenye ofisi chelewesheni, kwenye mahojiano wahini.

Sasa vifaa. Ile mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha zenu za ndani inatoka kwenye taa za tyubu. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na simu zenu zimeachwa kwenye picha 30 kwa sekunde kama zilivyotoka dukani. Wekeni picha 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, mistari itaondoka. Programu ya kamera iliyokuja na simu mara nyingi haikuruhusu kugusa shata. Blackmagic Camera ni ya bure na inaruhusu, mradi simu yenu iwe kwenye orodha ya zinazokubalika. Fungeni pia mwanga na rangi visibadilike vyenyewe, vinginevyo mtu akipita mbele ya dirisha uso wa bosi unageuka samawati. Na zimeni ile ya kulainisha ngozi. Mzee wa miaka 58 anaonekana ana 30.

Msivute picha kwa vidole wakati wa kurekodi, inachafuka. Rekodini kwa 4K, yaani 3840 kwa 2160, na mtoe kazi ya mwisho kwa 1920 kwa 1080. Hapo mhariri anaweza kuusogeza uso hadi mara mbili bila picha kuharibika, na ule mtikisiko mdogo wa kusogea ndio unaoleta ladha ya makala. Shikeni simu kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni. Stendi ni ya mahojiano tu. Simu ya kwanza imfuate anayesema. Ya pili isimame mbali, nyuma ya kioo, kwenye upenyo wa mlango, kati ya magunia, ikiwatafuta wanaosikiliza. Nusu ya kicheko iko kwa wanaosikiliza.

Sauti ndiyo iliyowaangusha kwenye kibanda umiza, zaidi ya picha. Maiki moja mmempa bosi, wengine wanasikika kama wako kisimani. Ile simu ya zamani igeuzeni kinasa sauti: iweke kwenye hali ya ndege, ifiche ndani ya boksi tupu mezani, kitundu cha maiki kikielekea juu, isizidi nusu mita kutoka mdomo wa msemaji. Pigeni kofi moja mbele ya simu zote kabla ya onyesho, mhariri ataunganisha sauti na picha kwa mlio huo. Kila mkimaliza mahali, nyamazeni wote na mrekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho. Ukimya huo unapakwa chini ya mikato. Bila huo, zile sekunde mbili za baada ya "marahaba" zitasikika kama spika imezima.

Mabati yana adabu yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ya Mbeya ikianza juu ya bati hakuna maiki itakayowaokoa, na mara nyingi inakuja alasiri. Miezi hiyo rekodini kati ya saa tatu na saa saba, mabasi ya Dar yakiwa yameshaondoka na wapiga debe wamepungua. Mahojiano yafanyeni chumba chenye dari, na blanketi mbili zitundikwe nyuma ya kamera kumeza mwangwi. Juni na Julai anga ni safi, lakini jua la mwinuko wetu ni kali. Meza ikiwa karibu na dirisha, pazia jepesi jeupe linatosha kulipooza.

Urefu: dakika 17 kwa kila sehemu ni nyingi kwa watu ambao hawajawajua wahusika wenu. Fanyeni tisa hadi kumi na moja. Nyuzi mbili zinatosha, mpango wa bosi unaoharibika na jambo dogo kati ya wafanyakazi wawili, na nyuzi hizo zigongane kwenye dakika ya saba au ya nane. Ukurasa mmoja wa mswada ni karibu dakika moja, na kundi lenu litamudu kurasa tatu kwa siku bila kulipua.

Kuhusu mahali pa kuonyeshea. Kibanda umiza ni cha mpira na filamu za ngumi. Watu wanaongea, wanaingia na kutoka, na kichekesho cha kimya kinameza vumbi pale. Si kosa la watazamaji. Kazi hii inafaa simu mkononi au sebule yenye watu wachache, nyuso zikiwa karibu. Mkitaka lazima kuonyesha hadharani, chagueni ukumbi wa chuo au kanisa jioni, watu wasiozidi arobaini, spika mbele na si nyuma.

Mambo ya sheria kwa ufupi, ila msiyapuuze. Kutengeneza filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Anzeni kwa afisa utamaduni wa jiji, atawaelekeza. Jina la kampuni yenu ya kubuni litafuteni kwanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mhakikishe hakuna mwenye nalo, na basi lolote la kweli linalopita nyuma lisionekane jina. Katika sehemu ya pili, dakika ya sita, kuna lebo za mizigo ya watu halisi zenye majina na namba za simu, na zinasomeka. Toeni kipande hicho mtandaoni leo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo ni kosa linaloweza kuwagharimu. Tengenezeni lebo zenu za uongo.

Msirudie kurekodi yote. Sehemu ya pili iwekeni kando. Katika ya kwanza rekodini upya mwanzo wa sekunde 40, mahojiano sita, na onyesho la shikamoo. Hizo ni siku tatu. Mkimaliza kuhariri, waiteni watu kumi ambao si ndugu wala marafiki zenu, watatu kati yao wawe wamevuka miaka hamsini. Wapeni viti, msiwaeleze chochote, na nyinyi msikae pamoja nao; mmoja wenu asimame nyuma na daftari na saa. Aandike dakika na sekunde ya kila kicheko, na ya kila mtu anayetoa simu mfukoni. Simu mbili zikitoka mahali pamoja, hapo pana sekunde 20 za kukatwa. Mwisho waulizeni swali moja tu: kamera ile ilitumwa na nani? Wanane wakijibu sawasawa, pandisheni kazi mtandaoni. Wakijibu wachache, rudini kwenye zile sekunde 40 kabla ya kugusa kitu kingine.